Siki, Dengu na Mvinyo Mwekundu wa Bonde la Neckar

Katika bonde la mto Neckar, kati ya Stuttgart na Heilbronn, mvinyo mwekundu huagizwa kwa robo lita na huletwa mezani katika bilauri fupi, nene, yenye mkono wa kushikia. Hakuna anayeizungusha bilauri hiyo mbele ya taa, wala anayetumbukiza pua ndani yake huku amefumba macho; mtu hupiga funda moja, hurudi kwenye sahani yake, na akimaliza kutafuna hupiga jingine. Nilikwenda huko kutoka Dodoma kusomea upishi na huduma ya mezani, na karibu yote ninayoyajua kuhusu mvinyo mwekundu mkavu wa Kijerumani, hasa ule unaochanganywa kutokana na aina mbili au tatu za zabibu, niliyapata nikiwa nimesimama kati ya jiko na meza za wageni. Kwa sababu hiyo siwezi kuuzungumzia mvinyo huo bila kuzitaja dengu, siki na vitunguu vya kukaanga, na sidhani kama yupo anayeweza kuuelewa kwa kuuonja peke yake.

Ujerumani ina maeneo 13 yanayotambuliwa kisheria kwa mvinyo wa ubora, na takriban theluthi mbili ya mizabibu yake ni ya zabibu nyeupe. Württemberg, ambalo ndilo eneo la bonde hili la Neckar, ni miongoni mwa maeneo machache yanayokwenda kinyume na hesabu hiyo. Huko mizabibu ya zabibu nyeusi ndiyo mingi, na wenyeji, yaani Waswabia, hunywa wenyewe sehemu kubwa ya kile wanachokitengeneza, hata mvinyo wao ukabaki haufahamiki sana nje ya mkoa. Mashamba mazuri zaidi yako kwenye miteremko mikali juu ya mto, kwa mfano pale Mundelsheim na Hessigheim, ambako matuta yameshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji na kazi nyingi hufanywa kwa mikono. Kuta hizo hufyonza joto la jua mchana na kulirudisha usiku, na mkulima huhesabu kila kipande cha joto anachoweza kukipata. Kwangu mimi niliyekulia Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na tatizo ni jua kuzidi, ilinichukua muda kuzoea watu wanaolibembeleza jua mpaka mwezi wa kumi.

Hapo ndipo lilipo jambo la kwanza la kuzingatia. Zabibu inayoiva katika joto kali hupoteza uchachu wake haraka huku sukari ikipanda. Inayoiva polepole, usiku ukiwa baridi, hubaki na uchachu mwingi. Mvinyo mwekundu wa nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta, hata ukiwa umekolea rangi, una uti wa mgongo wa uchachu ambao mnywaji aliyezoea mvinyo wa nchi za joto huuona kama kasoro. Si kasoro. Ndiyo mali yake, na mpishi anayeijua huitumia.

Mchanganyiko wa jadi wa Württemberg ni Trollinger na Lemberger. Trollinger ilitoka upande wa Tirol Kusini, kaskazini mwa Italia, ambako leo huitwa Vernatsch kwa Kijerumani na Schiava kwa Kiitaliano. Nchini Ujerumani hulimwa karibu yote Württemberg. Punje zake ni kubwa, huiva kwa kuchelewa, na mvinyo wake ni mwekundu wa kupauka, mwepesi, wenye harufu ya cheri na stroberi na ladha ya mbali ya lozi chungu, huku ukakasi ukiwa mdogo sana. Lemberger ndiyo ile ambayo Waaustria huiita Blaufränkisch na Wahungari Kékfrankos: ina rangi nzito zaidi, uchachu mkali, ukakasi unaoshika ufizi, na harufu ya beri nyeusi pamoja na pilipili manga. Zikikutanishwa, ya kwanza huleta wepesi wa kunyweka na ya pili huleta mifupa. Sheria inasema kwamba chupa ikitaja aina moja tu ya zabibu, angalau asilimia 85 ya mvinyo ule sharti itokane na aina hiyo. Zikitajwa mbili, ile iliyo nyingi ndiyo hutangulia. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa Trollinger mit Lemberger, yaani Trollinger pamoja na Lemberger, ina Trollinger zaidi, na mhudumu wa mezani akijua hilo tu, tayari ameshajua kwamba asiipeleke kwenye nyama ya nguruwe pori.

Upo pia mchanganyiko wa namna ya pili, ambao chupa yake huandikwa Cuvée bila kutaja zabibu, au huzitaja nyuma kwa maandishi madogo. Huu mara nyingi hujengwa juu ya Lemberger, kisha huongezwa Dornfelder, Merlot, Cabernet Sauvignon au moja ya aina mpya zilizozaliwa Weinsberg, mji mdogo jirani na Heilbronn wenye chuo cha kilimo cha mizabibu kilichoanzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo August Herold alipoizalisha Dornfelder mwaka 1955, akaipa jina la Immanuel Dornfeld, mtu aliyekuwa na mchango mkubwa katika kuanzishwa kwa chuo hicho. Wazazi wa Dornfelder ni Helfensteiner na Heroldrebe, nazo zenyewe ni chotara, na kusudi la mwanzo halikuwa kupata mvinyo wa kunywewa peke yake. Mvinyo mwekundu wa Kijerumani wa wakati ule ulikuwa umepauka, na kilichotafutwa ni zabibu ya kuutia rangi. Baadaye watu waligundua kwamba kile kitia rangi chenyewe kina ladha nzuri, laini, ya cheri kali na beri nyeusi, na Dornfelder ikaenea mpaka Pfalz na Rheinhessen, maeneo mengine ya mvinyo ya Ujerumani, ikawa zabibu nyeusi ya pili kwa wingi nchini baada ya Spätburgunder, yaani Pinot Noir. Chuo hichohicho kilitoa baadaye Acolon, mtoto wa Lemberger na Dornfelder, na Cabernet Mitos, naye mtoto wa Lemberger, ambayo juisi yake ni nyeusi kiasi cha kuacha doa kwenye kucha kwa siku kadhaa.

Najua kuhusu kucha kwa sababu baada ya mafunzo yangu ya mgahawa nilifanya kazi kwa misimu kadhaa katika shamba la familia moja, wakati wa mavuno na majira ya baridi yanayofuata. Majira ya baridi ndiyo wakati wa kuchanganya. Mvinyo wa kila zabibu huwa umechachushwa na kutunzwa peke yake, mwingine katika matangi ya chuma, mwingine katika mapipa makubwa ya zamani, mwingine katika mapipa madogo ya mwaloni ya lita 225, mtindo ambao baadhi ya wakulima wa Württemberg walianza kuufanyia majaribio katika miaka ya 1980 na kushangaza majirani zao. Msimamizi wa mapipa, mzee wa maneno machache, alikuwa akipanga chupa ndogo mezani, kila moja na namba yake, akachukua kopo la kupimia la kioo na kuanza: sehemu sita za hii, tatu za ile, moja ya ile nyeusi. Pembeni aliweka mkate wa ngano na kipande cha soseji iliyokaushwa kwa moshi. Nilimuuliza kwa nini anakula kabla ya saa nne asubuhi akiwa kazini, naye akanijibu kwamba mchanganyiko unaopendeza kabla ya mkate ni wa mashindano, na unaopendeza baada ya mkate ni wa kuuza.

Nilimwona akiyatekeleza maneno hayo kwa ukali. Mchanganyiko ambao mimi niliuona mtamu na wa kutosha, aliuonja mara ya pili baada ya soseji, akaukataa akisema umelala. Aliongeza Lemberger, ukawa mkali mdomoni mwangu. Akanipa soseji, nikaonja tena, na ule ukali ukawa umepata kazi ya kufanya. Mwaka 2018, ambao ulikuwa wa joto na jua jingi, uliwapa wakulima zabibu zilizoiva mpaka ndani, na mvinyo wake ulihitaji kuongezwa uhai kuliko kuongezwa mwili. Mwaka 2021 ulikuwa wa mvua na ubaridi, na kazi ikageuka kinyume: Merlot na Dornfelder zilitafutwa ili kuufunika uchachu uliokuwa umezidi. Jina kwenye chupa linaweza kubaki lilelile huku kilichomo kimebadilika viwango, na ndiyo sababu ninapowashauri watu huwauliza kwanza mwaka, kisha jina.

Niseme kidogo kuhusu ukavu wenyewe, maana wageni wetu wengi, Wajerumani na wasio Wajerumani, walikuwa wakiuita mkavu mvinyo wowote unaokausha ulimi. Kinachokausha ulimi ni tanini, yaani ukakasi unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye mbao za pipa, uleule unaopatikana katika ndizi mbichi. Ukavu wa kisheria unahusu sukari tu. Neno trocken, yaani mkavu kwa Kijerumani, huruhusiwa kuandikwa endapo sukari iliyobaki haizidi gramu 4 kwa lita, au hata ikifika gramu 9, mradi asidi isipungue chini ya kiasi cha sukari kwa zaidi ya gramu 2. Maana yake ni kwamba mvinyo wenye gramu 8 za sukari na gramu 6 za asidi ni mkavu mbele ya sheria, sawa na ule wenye gramu 1 ya sukari, ingawa kwenye sahani ya nyama havifanani hata kidogo. Na iwapo chupa ya Trollinger mit Lemberger haina neno trocken popote, uwezekano ni mkubwa kwamba ina utamu wa wazi, kwa kuwa wenyeji wengi huupenda hivyo. Kwa mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai taarifa za viambato na lishe, ambazo kwa kawaida hupatikana kwa kupiga picha msimbo wa QR ulio nyuma ya chupa. Humo sukari huandikwa kwa mililita 100, kwa hiyo 0.4 humaanisha gramu 4 kwa lita. Mimi huutazama msimbo huo kabla ya kutazama picha ya ngome iliyo mbele.

Sasa nije mezani, ambako ndiko nilikojifunza zaidi.

Chakula kilichonifundisha kuliko vyote ni dengu. Waswabia huzipika pamoja na karoti, seleri na kitunguu, hutia unga uliokaangwa ili mchuzi ushike, huweka kipande cha nyama ya nguruwe iliyotiwa moshi, kisha huzipakua pamoja na tambi fupi za mayai ziitwazo Spätzle na soseji nyembamba mbilimbili. Katika miinuko ya Alb, kusini mwa mashamba ya mizabibu, dengu zilikuwa zao la kawaida la ardhi maskini yenye mawe, zikaachwa katikati ya karne iliyopita, na mbegu za aina za zamani zilipatikana tena mwaka 2006 katika hifadhi ya Taasisi ya Vavilov mjini St. Petersburg, leo wakulima wa huko huziuza kwa fahari na kwa bei isiyo ya maskini. Lakini kinachohusu mvinyo ni siki. Dengu hizo hutiwa siki jikoni, na chupa ya siki huletwa mezani ili kila mtu aongeze apendavyo. Wazee niliowahudumia waliongeza bila huruma.

Siki huua mvinyo mwingi. Chakula chenye uchachu huufanya mvinyo wenye uchachu mdogo uonekane bapa, kana kwamba umetiwa maji, na nimeona chupa za gharama kutoka nchi za jua zikianguka mbele ya sahani ya dengu ya bei ndogo. Lemberger haianguki. Uchachu wake hukutana na uchachu wa siki, vyote viwili hulegea mdomoni, na kinachojitokeza ni lile tunda la cheri ambalo mvinyo ulikuwa umelificha. Moshi wa nyama huivuta pilipili manga iliyo ndani ya Lemberger, na unga wa Spätzle hutuliza mengine. Nikiulizwa ni wapi mchanganyiko mkavu wa Trollinger na Lemberger unastahili zaidi kuwapo, jibu langu ni hapo, wala sihitaji kufikiri. Jambo hilohilo hutokea kwa saladi ya viazi ya Kiswabia, ambayo haina mayonezi bali supu ya mifupa, siki, mafuta na haradali, na ambayo huandamana na karibu kila kitu.

Saladi hiyo huandamana hasa na Maultaschen, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama ya kusaga, spinachi, mkate na kitunguu. Simulizi maarufu inavihusisha na watawa wa Maulbronn, walioificha nyama ndani ya unga wakati wa Kwaresima ili Mungu asiione, na Waswabia hulisimulia jambo hilo wakicheka hata Alhamisi Kuu. Tangu mwaka 2009 jina hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya. Vikiletwa ndani ya supu, mvinyo mwekundu hauna nafasi kubwa, kwa kuwa supu ya moto huuongezea mvinyo ukali wa pombe na kuufanya ukakasi uwe mgumu. Maji au bilauri ya Trollinger iliyopozwa inatosha. Vikikaangwa kwa siagi na mayai, au vikimwagiwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka kuwa kahawia, mchanganyiko wetu unarudi kwa heshima.

Vitunguu hivyo ndivyo vinavyotawala sahani ya fahari ya mikahawa ya huko, Zwiebelrostbraten, yaani kipande cha nyama ya mgongo wa ng'ombe kilichokaangwa haraka na kufunikwa na vitunguu vikavu, pamoja na mchuzi mzito wa kahawia. Hapa Trollinger haitoshi. Nyama nyekundu yenye mafuta inataka ukakasi, kwa sababu protini na mafuta hushikana na tanini na kuifanya laini, na kwa hiyo ndipo ninapofungua mchanganyiko wa namna ya pili: Lemberger, Merlot kidogo, Cabernet Mitos, uliokaa mwaka mmoja hivi kwenye pipa dogo. Jikoni tulijifunza kuitia nyama chumvi ya kutosha kabla ya kuipeleka kwa meza iliyoagiza mvinyo wa aina hiyo. Chumvi hupunguza uchungu, na nyama isiyokolea chumvi huufanya mvinyo wa pipa uonekane mchungu hata kama mtengenezaji hana kosa. Malalamiko mengi kuhusu mvinyo niliyoyapokea mezani yalikuwa, kwa kweli, malalamiko kuhusu chumvi.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja huja bata bukini wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11, akiwa na kabichi nyekundu iliyopikwa kwa matofaa, karafuu na sukari kidogo. Sahani hii ina mtego. Sukari katika chakula huufanya mvinyo mkavu uonekane mkali na mwembamba zaidi kuliko ulivyo, kwa hiyo mchanganyiko wenye Dornfelder nyingi, ambao tunda lake huleta hisia ya utamu bila sukari nyingi, hufaa kuliko ule mkali. Nyama ya paa na nguruwe pori, pamoja na uyoga, huifaa Lemberger iliyokomaa miaka mitano au sita, wakati ukakasi umeshalainika. Mvinyo mchanga na uyoga havipatani kwangu, na sijawahi kushawishika vinginevyo.

Namna ya kula ninayoipenda zaidi, hata hivyo, si ya mgahawa. Familia za wakulima huruhusiwa kufungua nyumba zao kwa wateja kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka, kwa viti visivyozidi 40, ili wauze mvinyo wao na chakula chepesi, na alama ya kwamba nyumba iko wazi ni ufagio uliotundikwa nje. Humo hupewi orodha ndefu. Hupewa kabichi iliyochachushwa, nyama ya tumbo ya nguruwe iliyochemshwa, soseji ya damu na ya ini, mkate, na robo lita ya Trollinger mit Lemberger. Mafuta ya nyama yale yangelemea tumbo bila uchachu wa kabichi na wa mvinyo. Unakaa benchi moja na watu usiowajua, magoti yamebanana, na hakuna anayeuliza harufu ya mvinyo inakumbusha nini.

Kuhusu vyakula visivyofaa sina mengi ya kusema, kwa kuwa ni vichache na ni vya wazi. Samaki wenye mafuta huacha ladha ya chuma mdomoni wakikutana na mvinyo mwekundu. Asparaga nyeupe ya mwezi wa tano, ambayo Wajerumani huisherehekea, inataka mvinyo mweupe. Kitindamlo cha sukari huuharibu kabisa. Nazi pia: utamu na mafuta ya tui huufanya mvinyo huu uonekane kama umeharibika, na samaki wa kupaka, chakula ninachokipenda mno, sijawahi kumwekea chupa ya Lemberger karibu.

Hilo linanileta kwenye meza zetu wenyewe, maana Watanzania na Wakenya wa Stuttgart na viunga vyake hukutana, huchoma nyama, na mimi kwa sababu ya kazi yangu hupewa jukumu la kuleta vinywaji. Huleta daima pia juisi ya zabibu kutoka kwa wakulima walewale, kwa ndugu zetu Waislamu na kwa wale watakaoendesha gari, na kwa pilau juisi hiyo ya zabibu nyeusi ni nzuri kuliko soda. Nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya mkaa, yenye chumvi na ndimu tu, inaupokea mchanganyiko mkavu wa Lemberger kana kwamba vilizaliwa pamoja: ukingo ulioungua kidogo hukutana na mbao za pipa, ndimu hukutana na uchachu, mafuta hukutana na ukakasi. Pilau ni ngumu kidogo. Karafuu, mdalasini na binzari nyembamba hugombana na mvinyo uliokaa kwenye pipa jipya, ambalo lenyewe lina harufu ya viungo, na matokeo ni kelele. Dornfelder isiyopita kwenye pipa hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa huleta tunda na kuviachia viungo nafasi.

Tatizo ni kachumbari. Pilipili huongeza makali ya pombe, nayo pombe huongeza makali ya pilipili, na tanini hukaza vyote viwili. Nilimwomba mwenyeji wetu mmoja, mama wa Kimombasa, apunguze pilipili kwenye kachumbari ili wageni wa Kijerumani waufurahie mvinyo niliouchagua kwa uangalifu.

“Mwanangu,” akaniambia, “kachumbari bila pilipili ni saladi. Badilisha mvinyo.”

Nilibadilisha. Siku hizi mahali penye pilipili hupeleka mchanganyiko ambao Trollinger ndiyo nyingi, wenye kilevi cha asilimia 11 au 12 badala ya 14, na huupoza mpaka nyuzi 13 au 14. Ubaridi hutuliza, ukakasi mdogo hauchochei moto, na tunda jepesi hukaa pembeni mwa nyanya na kitunguu bila kulazimisha. Katika jambo hili yule mama alikuwa ameelewa kuliko mimi kwamba chakula kina mwenyewe, lakini mvinyo unaweza kuchaguliwa upya.

Joto la mvinyo lenyewe hupuuzwa sana. Waliosoma kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba husahau kwamba vyumba vilivyozungumziwa havikuwa na mfumo wa kupasha joto wa siku hizi. Mchanganyiko mzito wa pipa huonekana vizuri katika nyuzi 16 hadi 18. Ukifika 22 kilevi hupanda puani na tunda hupotea. Robo saa kwenye jokofu kabla ya kumimina hutosha, na nimeshafanya hivyo mbele ya wageni waliokunja uso na baadaye wakaagiza chupa ya pili. Kuhusu kuhifadhi, Trollinger mit Lemberger ya kawaida inywewe ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno, haipati faida kwa kusubiri. Lemberger ya pipa kutoka mwaka mzuri inaweza kulala miaka kumi.

Kinachobaki kwenye chupa huzibwa na kuwekwa kwenye jokofu, na siku ya pili au ya tatu hufaa kuanzia Sauerbraten, nyama ya ng'ombe inayolowekwa kwa siku kadhaa ndani ya siki, mvinyo mwekundu, kitunguu, jani la bay na punje za mreteni, kisha kupikwa polepole katika majimaji hayohayo. Kwa kulowekea napendelea Dornfelder, kwa kuwa rangi yake hukoleza mchuzi bila kuongeza ukakasi ambao moto ungeufanya uwe mchungu. Mezani huweka Lemberger, kwa sababu ileile ya siki niliyoieleza kwenye dengu, na pembeni viazi vya kuponda badala ya Spätzle, jambo ambalo mwajiri wangu wa zamani hakuliafiki hata siku moja.